Orodha ya Wamarekani ya miji yenye watu wakakamavu: nimeisoma nikiwa Dodoma

Kwa mwenye haraka nitoe hukumu kabisa: ripoti nzuri, ligi mbovu. American Fitness Index inapatikana bure mtandaoni, gharama yako ni bando tu, na ndani yake kuna mambo ambayo kila diwani wa Dodoma angepaswa kukalishwa chini ayasome. Lakini ule ukurasa ambao wote tunaukimbilia, wa nani wa kwanza na nani wa mia, uruke. Nitaeleza sababu, ila itabidi tupitie sokoni Majengo.

Kilichonipeleka huko ni ubishi. Mimi ni katibu wa klabu ya jogingi huku Ipagala, na kabla wizara hazijahamishwa nilikuwa mwanachama wa klabu nyingine Temeke. Kwenye kundi lao la WhatsApp nimo mpaka leo. Mwenyekiti wa kule, ambaye huniita "dada mkubwa" hata akitaka kunitukana, alituma picha ya wanachama wake wamejaa barabarani na fulana mpya, chini akaandika kwamba Dodoma ni mji wa vitambi na V8. Nikamjibu kwamba Dar hawafanyi mazoezi, wanatoka jasho tu kwa sababu ya joto. Basi ikawa vurugu, vikaja vijembe vya chipsi mayai, vikaja vya mlenda, mpaka kijana mmoja akauliza swali la maana: hivi kuna mtu anayepima miji? Ndipo nikaanza kuchimba.

Wapo, na hawa Wamarekani ndio wenye uzoefu. Chama chao cha wataalamu wa tiba ya michezo, American College of Sports Medicine, kimekuwa kikitoa kipimo hiki tangu 2008, na kuanzia 2018 kinapanga miji 100 mikubwa ya nchi yao. Fedha zinatoka kwenye mfuko wa hisani wa kampuni ya bima ya afya, Elevance Health. Sina ugomvi na hilo. Mwenye bima ndiye anayelipa bili watu wakiugua, kwa hiyo ana kila sababu ya kutaka kujua wanaugulia wapi. Viashiria ni zaidi ya 30, mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la watu wenyewe: wanaofanya mazoezi, wanaovuta sigara, wanaopata usingizi wa saa 7 au zaidi, wanaokula matunda na mboga, wanene kupita kiasi, wenye kisukari. Fungu la pili ni la mji: wakazi wanaoweza kufika bustani kwa dakika 10 za miguu, usafi wa hewa, watembea kwa miguu wanaouawa na magari, fedha ambazo mji unatumia kwa bustani zake, hata idadi ya magoli ya mpira wa kikapu.

Hapo kwenye fungu la pili nawapa maksi zote. Sisi tukizungumzia afya, maneno yote yanamwangukia mtu: punguza chumvi, acha bia, amka ukimbie. Wao wameupandisha mji wenyewe kizimbani. Mtu wa Nkuhungu anaambiwa atembee, sawa, atembelee wapi? Kiashiria cha watembea kwa miguu waliouawa peke yake kingetosha kuharibu kikao cha baraza. Klabu yetu inakimbia pembeni mwa lami, kiongozi wa msafara ana kitambaa chekundu na filimbi, wa mwisho naye ana chake, na bado hukosi dereva wa V8 atakayekupigia honi utadhani umeingia sebuleni kwake bila hodi. Kiangazi kikikolea, kuanzia Juni, unaongeza upepo na vumbi. Kwa upande wa hewa safi tungeanguka vibaya miezi hiyo, na sisi tunaokimbia tunajua, maana tunarudi nyumbani tunatema udongo.

Sasa ubovu.

Fungu la watu, kwa sehemu kubwa, linatokana na uchunguzi wa simu unaosimamiwa na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Mtu anapigiwa, anaulizwa, anajibu. Hakuna anayemwona. Uzito anautaja mwenyewe, urefu anautaja mwenyewe. Watafiti wameshalinganisha majibu ya aina hiyo na mizani, na mwelekeo ni uleule: watu hujiongezea urefu na kujipunguzia kilo. Kwetu nadhani wapo ambao wangedanganya kwa upande wa pili. Bado tuna rika la wanaume ambao ukiwaambia wamepungua wanataka kujua nani amekuambia wanaumwa, na mama zetu wakikuona umejaa mashavu wanasema umependeza, maisha yamekukubali.

Lakini lililonikalisha kitini ni swali lenyewe la mazoezi. Kwa Kiswahili changu linakwenda hivi: katika mwezi uliopita, ukiacha kazi yako ya kawaida, je, ulishiriki mazoezi yoyote kama vile kukimbia, mazoezi ya viungo, gofu, kazi za bustani au kutembea kwa ajili ya mazoezi? Ukisema ndiyo, hata kama ni mara moja, umehesabiwa miongoni mwa wanaofanya mazoezi. Ukisema hapana, wewe umo kwenye fungu la wasiojishughulisha. Kuna maswali mengine ya kuchimba zaidi, mara ngapi, dakika ngapi, lakini anayeulizwa hayo ni yule aliyekwisha kusema ndiyo.

Nikalipeleka Majengo. Kuna mama ninayenunua kwake mlenda mkavu, Mgogo wa Ntyuka. Nikamsalimia mbukwenyi, tukajuliana hali, nikamsomea swali nilivyoliandika kwenye daftari. Akaniangalia. Alikuwa amevaa yeboyebo za bluu, ya kulia ukanda wake umeshonwa kwa uzi wa gunia, vumbi limempanda mpaka kwenye ugoko. Beseni alikuwa hajalifunua bado, ngata ipo juu ya kanga palepale alipoitua.

"Mazoezi ya nini tena, mwanangu?"

Nikarudia taratibu: kukimbia, kuruka, kutembea kwa ajili ya afya.

"Mimi nimetembea kwa ajili ya mlenda." Muuza karanga wa pembeni akaangua kicheko. Mama wala hakucheka. "Andika hapana. Mazoezi ni ya nyie mnaokula nyama kila siku."

Nikaandika hapana. Mtu aliyetoka Ntyuka alfajiri na mzigo kichwani, na jioni atarudi kwa miguu kama mauzo hayakutoa nauli, kwa hesabu ile hajishughulishi.

Jumatatu iliyofuata nikamuuliza bosi mmoja huku Mtumba, ziliko ofisi za wizara. Yeye gari humshusha mlangoni, chai na sambusa humfuata mezani, na ukimwona amesimama ujue kuna mgeni mkubwa. Akajibu papo hapo: ndiyo, ameshiriki Jumamosi ya mazoezi. Huu ni utaratibu uliotangazwa 2016 na Rais Samia, enzi hizo akiwa Makamu wa Rais, kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi watu watoke wanyooshe viungo kupunguza magonjwa yasiyoambukiza. Wazo zuri sana, na wapo wanaolitendea haki. Bosi wetu naye alitoka kweli, nilimwona kwa macho yangu. Alitembea hadi kwenye mzunguko wa kwanza, akapigwa picha, akafunguliwa mlango wa gari. Kwa hesabu ya Wamarekani huyu ni ndiyo.

Tusiwaonee lakini. Swali hilo limetungwa kwa ajili ya nchi ambayo wengi hushinda wamekaa, na kutembea ni jambo la kuamua. Tena wana hoja nzito ya kujitetea: mwaka 2018 watafiti waliojumlisha tafiti nyingi waliona kwamba wanaume wenye kazi za sulubu wana hatari ya kufa mapema iliyo juu kwa asilimia 18 kuliko wenzao wa kazi nyepesi. Kubeba na kuinama kutwa nzima, huku hupumziki na chakula hakitoshi, hakufanyi mwilini kazi ileile ya kukimbia nusu saa kisha ukaoga ukakaa. Mama wa mlenda mwenyewe aliniambia magoti yanamsumbua, na hasa anapoteremka. Kwa hiyo sidai kwamba ana afya kumshinda bosi. Ninachodai ni kwamba kipimo kinachomfuta kabisa mtu kama yeye hakiwezi kunieleza lolote kuhusu Dodoma, maana watu wa namna yake ndio waliojaa.

Kipimo kinachomhesabu kipo, tena sisi tumeshakitumia. Shirika la Afya Duniani lina dodoso lake linalouliza mambo matatu mbalimbali: nguvu unayotumia kazini, unavyosafiri kwenda sokoni, kazini au kanisani, na mazoezi ya starehe. Mama wa mlenda angejibu ndiyo mbili za kwanza na hapana ya tatu, na hapo ungeanza kumwona. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 hapa Tanzania ulifanywa kwa mtindo huo. Wapimaji walifika kwa watu na mizani, utepe wa kiuno na mashine ya presha, wakapima na sukari kwenye damu. Walikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu la damu, na 9 kati ya 100 wana kisukari. Hayo si maneno ya kwenye simu. Tatizo ni kwamba picha ile ni ya nchi nzima, haikuwapanga Temeke na Ipagala, ndiyo maana mimi na mwenyekiti wangu bado tunatukanana.

Kama ningeruhusiwa namba moja tu ya kulinganishia miji, nisingechukua wastani, ningechukua pengo. Wazo hili nimelipata kwa watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambao 2017 walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu za hatua kutoka simu za watu zaidi ya 700,000 katika nchi 111. Wastani wa wote ulikuwa hatua 4,961 kwa siku; Hong Kong juu kabisa na 6,880, Indonesia chini na 3,513. Magazeti yakachukua ligi hiyo yakaondoka nayo. Mali yenyewe ilikuwa ndani: nchi ambazo wanaotembea sana na wanaokaa tu wamepishana mno ndizo zenye wanene wengi, na pengo hilo lilibashiri unene vizuri kuliko wastani. Marekani na Meksiko wastani wao unakaribiana, ila Marekani pengo ni pana na unene ni mwingi. Pengo likipanuka, wanaobaki nyuma zaidi ni wanawake. Na kwenye miji ya Marekani waliyoichungulia, ile ambayo unaweza kutoka nyumbani ukafika dukani kwa miguu bila kuhatarisha roho ndiyo yenye pengo dogo.

Hata hao wamemwacha mama wa Ntyuka nje, kwa sababu kitochi hakihesabu hatua. Ila wazo lao linashika hapa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 Dodoma Jiji. Weka upande mmoja wauza maji wa mikokoteni, mafundi wa Chang'ombe, wanafunzi wa UDOM wanaopanda kile kilima na mabegi. Upande wa pili utuweke sisi wa viti vya kuzunguka, ambao miili yetu huikumbuka michezo ya watumishi wa wizara, SHIMIWI, ikikaribia, tukaanza kuvuta kamba jioni na kuomba ruhusa ya kwenda hospitali asubuhi. Jumlisha, gawanya, utapata wastani mzuri tu usiomhusu mtu yeyote.

(Kwa wazee wa klabu wanaoniuliza kila siku kuhusu hatua 10,000: namba hiyo ilianzia kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2022 ulionyesha kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi faida inafika kileleni kwenye hatua 6,000 hadi 8,000, na kwa walio chini ya hapo 8,000 hadi 10,000. Kwa hiyo babu asiendelee kuzunguka uwanja usiku ili simu impongeze.)

Nirudi kwenye orodha, maana kuna mji mmoja nataka tuutazame vizuri. Kuanzia 2018 hadi 2024, mwaka hadi mwaka, nafasi ya kwanza ilikwenda Arlington, jimbo la Virginia. Nilipouchimba nikacheka peke yangu. Arlington uko ng'ambo ya mto Potomac kutoka Washington, na ndiko iliko Pentagon. Yaani ni mji wa watumishi wa serikali na wenye zabuni za serikali. Ni ndugu zetu kabisa! Watu wa mafaili na vikao ndio walioshika usukani wa afya Marekani, wakati sisi wa mafaili na vikao tunaitwa mji wa vitambi.

Wamefanyaje? Kwanza wana hela, tusizunguke. Arlington ni mahali pa mishahara mikubwa na wasomi wengi, na viashiria vingi kwenye orodha hii vinafuata mfuko. Ukiwa na kipato kile hata saladi inashuka kooni. Lakini lipo lingine. Reli ya abiria ilipopelekwa huko, ikafika Ballston mwaka 1979, wakuu wa eneo walikuwa wameshaamua kwamba maghorofa, ofisi na maduka vitabanwa kuzunguka vituo, mahali unapofika kwa miguu, na mitaa ya nyumba za chini itaachwa ilivyo. Mtumishi akishuka kwenye treni anatembea, akitoka kazini anatembea, anapitia duka njiani. Hajavaa raba wala hana katibu wa klabu anayempigia simu saa 11 alfajiri.

Nisichoweza kumeza ni kwamba sisi tulikuwa na wazo hilohilo, kwenye karatasi, kabla ya treni yao kufika Ballston. Serikali iliamua kuhamia Dodoma 1973 na ikaunda Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe, uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, iitwayo Project Planning Associates. Mpango ule ulichora mji wa watembea kwa miguu, wa baiskeli na mabasi, makazi yakipangwa kwa vitongoji vyenye huduma zake jirani, gari binafsi likiwa la mwisho kufikiriwa. Ulikuwa mji wa kijamaa, lakini ukiusoma leo ungedhani umeandikwa na daktari wa presha. CDA ilivunjwa 2017. Na serikali ilipokuja kweli kwa kishindo baada ya 2016, wizara zikajengwa Mtumba, zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini. Majengo mazuri, barabara za ndani zina lami na miti imepandwa, sibezi. Ila nani anakwenda kazini kwa miguu Mtumba? Hata mwenye nia hana njia.

Hili naliona mwilini mwangu. Temeke nilitembea kutoka nyumbani hadi kituoni, nikasukumana mlangoni, nikasimama hadi Posta, nikatembea tena. Nililaani kila siku. Hapa basi la watumishi linanichukua kona ya mtaa na kunishusha getini, na mwaka wa kwanza sketi zote zilipelekwa kwa fundi kuongezwa. Watafiti wa hatua kwenye simu walirudi 2025 na kitu kinachonihusu kabisa: waliwafuatilia Wamarekani zaidi ya 5,000 waliohama mji mmoja kwenda mwingine. Waliohama kutoka mji usiotembeleka kwenda unaotembeleka waliongeza hatua kama 1,100 kwa siku, na waliokwenda upande wa pili walipunguza. Ni watu walewale na tabia zao zilezile, kilichobadilika ni mtaa. Mwenyekiti wa Temeke akisema wanachama wake ni wakakamavu, sehemu ya sifa hiyo ni ya daladala na mwendokasi, asijivike yote.

Kuna mji wa pili ambao orodha haikuutendea haki. Mkesha wa mwaka mpya wa 2008, meya wa Oklahoma City, Mick Cornett, alisimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama akatangaza kwamba mji mzima unaanza kupunguza uzito, lengo ratili milioni moja, sawa na kilo 450,000 na ushee. Watu 47,000 hivi walijiandikisha, na Januari 2012 lengo likafikiwa. Katikati ya safari, 2009, wapiga kura wakakubali kukatwa senti moja kwa kila dola ya manunuzi, zikatafutwa dola milioni 777 za kujenga bustani kubwa katikati ya mji, njia za miguu, njia za baiskeli na vituo vya wazee. Huyo meya ndiye ningemwita aje aongee na madiwani wetu. Haya, orodha ya 2019 ikatoka: Oklahoma City ya 100 kati ya 100. Ligi haina safu ya kuonyesha ulitoka wapi. Ukitazama nafasi tu unasema hawa wameshindwa, kumbe barabara zao bado zina saruji mbichi.

Mengine nipite haraka. Matoleo ya zamani yalikuwa yanahesabu viwanja vya gofu na bustani za kuchezea mbwa kwa kila watu 100,000. Nilipowasomea wanakikundi, mazoezi ya siku hiyo yaliishia hapo. Kiashiria cha mboga kinataka ule mara tatu na zaidi kwa siku, na mimi nauliza mlenda unahesabiwaje, kwa vidole au kwa mvutano? Matunda tungejitetea msimu wa zabibu. Usingizi wa saa 7, kwa mama mwenye watoto wa shule wanaochukuliwa na basi gizani, ni ndoto ya kweli kweli.

Kwa nani basi? Ofisa mipango miji, diwani, mwandishi wa habari anayetaka maswali makali ya kumuuliza mkurugenzi: soma, hasa fungu la mazingira, na chukua viashiria viwili vitatu vinavyohesabika hapa bila mtaalamu kutoka nje. Mimi ningeanza na waliogongwa wakitembea, na kaya zilizo dakika 10 kutoka mahali pa wazi ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kufukuzwa. Nyerere Square na Chinangali haviwezi kuubeba mji huu peke yao, na mitaa mipya ya Iyumbu na Nzuguni inapimwa viwanja sasa hivi, wakati ardhi bado ipo. Mwenye jimu au klabu, soma ule upande wa watu kwa tahadhari niliyoeleza, na ukitaka kuwauliza wanachama wako, tumia dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye mafungu matatu. Lugha ni Kiingereza cha kitaalamu kidogo, ila vijana wenu wa UDOM watawasomea kwa soda. Ukiwa unatafuta tu cha kumnyamazisha mtu wa Temeke, hutakipata humo.

Sisi wenyewe tumekubaliana kufanya yetu. Klabu zote mbili zitajaza dodoso moja, kila mwanachama atampima kiuno mwenzake wa klabu ya pili kwa utepe, hakuna kujipima, na kila klabu ilete wakazi wa mtaani wasio wanachama, idadi sawa na ya wanachama. Nimeshamwomba mama wa mlenda, amesema atakuja kama haitakuwa siku ya mnada. Temeke wanapanda treni ya SGR, safari ya kama saa tatu na nusu hivi wako hapa, wanalala, alfajiri tunaanzia Nyerere Square kupanda kilima cha UDOM. Mwenyekiti ameshaanza kuuliza kama baridi ya Dodoma ni kali kweli, na kama kuna gari litakalofuata msafara nyuma. Lipo, ila wa kwanza kulipanda ndiye analipia mbuzi.